Je, Wajua? Mtu mmoja aliuvunja muungano mzima

EVE Online, mchezo wa vita vya anga za mbali uliozinduliwa mwaka 2003 na kampuni ya CCP ya Iceland, haukatazi usaliti. Februari 2009 muungano wa wachezaji uitwao Band of Brothers, mmojawapo wa iliyotisha zaidi, uliangushwa na mkurugenzi wake mwenyewe. Alihamia kwa mahasimu wao, GoonSwarm, na kwa mamlaka aliyokuwa amekabidhiwa akauvunja rasmi. Umiliki wa himaya yao ya Delve, uliojengwa kwa miaka, ukapotea papo hapo. Kinachonigusa zaidi ni yaliyofuata: wengi wa waliosalitiwa hawakutawanyika, bali walijikusanya chini ya jina jipya, KenZoku, wakaendelea kupigana bega kwa bega.