Mawe, Maji na Miswada: Tuliyoyapenda Katika Uingereza ya Kale



Wengi wametuuliza ni mahali gani palipotugusa zaidi katika safari yetu ya Uingereza, sisi mama na binti zake wawili, mwezi wa Juni. Tumechagua matano, nayo tunayaeleza kwa mpangilio wa njia tuliyoipita.

Tulianzia Stonehenge, katika uwanda wa Wiltshire. Hapo yamesimama mawe yaliyopangwa duara yapata miaka 4,500 iliyopita. Yale makubwa huwa na uzito wa wastani wa tani 25 kila moja; yale madogo asili yake ni vilima vya Preseli nchini Wales, umbali wa kiasi cha kilomita 240. Waliyaweka hivi kwamba yaelekee jua linapochomoza siku iliyo ndefu kuliko zote za mwaka. Hata hivyo, waliofanya kazi hiyo hawakuacha andiko lolote. Mama yetu aliyatazama kwa kitambo kisha akasema, "Kazi imebaki, majina yamepotea."

Kutoka hapo tulikwenda mji wa Bath, ambako Warumi walijenga hamamu juu ya chemchemi ya maji moto. Maji yale hadi leo hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Kilichotuchekesha ni vibati vya madini ya risasi vilivyopatikana ndani ya chemchemi. Watu walioibiwa nguo zao walipokuwa wakioga waliviandika na kuvitupa majini, wakimwomba mungu wao wa kike amwadhibu mwizi. Falme kubwa huanguka, lakini malalamiko ya nguo iliyoibwa yadumu karibu miaka elfu mbili!

Pa tatu ni Woking, kusini-magharibi mwa London. Msikiti wa Shah Jahan ulijengwa mwaka 1889, nao ndio wa kwanza nchini humo kujengwa tangu msingi wake uwe msikiti. Jina lake ni la mwanamke: Shah Jahan Begum, mtawala wa Bhopal huko India, aliyetoa mali yake katika ujenzi. Alikuwa mmoja wa wanawake wanne waliorithiana utawala wa Bhopal kwa zaidi ya miaka mia moja. Tuliswali humo, na tuliposujudu tulimkumbuka mama huyo ambaye sadaka yake yaendelea kuwafaa watu asiowajua. Si mbali na hapo yako makaburi ya Brookwood, walikozikwa Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, wafasiri wawili wa Qur'ani Tukufu kwa Kiingereza. Tuliwaombea rehema.

London kwenyewe tuliingia Jumba la Makumbusho la Uingereza kuitazama sarafu moja ndogo ya dhahabu. Offa, mfalme wa Mercia katika karne ya nane, aliifua kwa kuiga dinari ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria. Maneno ya tauhidi yameandikwa kwa Kiarabu chenye kasoro za fundi asiyekijua, na katikati limepachikwa jina la Offa kwa Kilatini, tena juu chini. Basi dhahabu ya Waislamu iliaminika hata kwa wasioweza kuisoma.

Mwisho, na hapa ndipo tulipokaa zaidi, ni maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London. Humo mna miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zikiwamo tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, zilizokusanywa na William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. Mama, aliyejifunza herufi hizo chuoni utotoni, alisoma bila kusita. Sisi tulimfuata kwa kidole, neno baada ya neno. Ndipo tukawakumbuka watoto wetu nyumbani: wanahitimu Qur'ani vizuri, Alhamdulillahi, lakini barua ya babu yao iliyoandikwa kwa Kiswahili cha herufi zizo hizo hawawezi kuisoma.

Enyi kina mama, ndani ya masanduku yetu mna barua, hati za wakfu na tenzi walizoandika wazee. Mchwa hawangoji, na walio hai wanaoweza kuzisoma wanapungua mwaka hadi mwaka. Zitoeni, zianikeni mahali pakavu, kisha mkae na mzee mmoja na mtoto mmoja, ukurasa kwa ukurasa. Kazi hiyo haihitaji pasipoti wala nauli.

Wabillahi tawfiq.