Anayetoa hati ya shule ndiye wa kwanza kuulizwa

 

Ndugu wasomaji, familia nyingi za Kiislamu za kwetu zina watoto, ndugu na wajukuu wanaoishi Marekani. Hufika siku mtoto akatimiza umri wa kuanza masomo, na mzazi akaambiwa kwamba karibu na nyumbani kuna shule za umma za aina mbili: ile ya kawaida inayoendeshwa na wilaya ya elimu, na ile iitwayo shule ya mkataba, au chata kama wenyewe wanavyoiita. Zote mbili hazitozi ada, na zote hugharimiwa na serikali. Mzazi huangalia majengo, sare na matokeo ya mitihani, kisha akachagua. Sisi leo tunapenda kuongeza swali moja ambalo wazazi wachache hulikumbuka: ni nani anayeisimamia shule hii, na je, anaisimamia kwa kweli au kwa jina tu?

Shule ya mkataba ni nini?

Sheria ya kwanza ya shule hizi ilipitishwa katika jimbo la Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ikafunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. Mwaka huohuo California ikawa jimbo la pili kupitisha sheria ya namna hiyo, na leo majimbo zaidi ya 40 yanazo.

Wazo lenyewe si gumu kufahamika. Watu, wawe ni walimu, wazazi au taasisi, huomba hati ya kuendesha shule. Hati hiyo hueleza watafundisha nini, watapimaje maendeleo ya wanafunzi, nani ataongoza na fedha zitatunzwaje. Wakikubaliwa, huondolewa sehemu kubwa ya kanuni zinazozibana shule za kawaida, na badala ya uhuru huo hutakiwa wayatimize waliyoyaandika. Wasipoyatimiza, hati huweza kufutwa. Hayo ni maafikiano ya pande mbili: uhuru kwa huyu, na hesabu kwa yule.

Katika California mtoaji wa hati mara nyingi ni wilaya ya elimu. Wilaya hii si ile ya kiutawala tuliyoizoea sisi. Ni mamlaka ya kuendesha shule za eneo fulani, yenye bodi inayochaguliwa na wananchi na msimamizi mkuu anayeajiriwa na bodi hiyo. Ya Los Angeles ni kubwa mno, ina shule za mkataba zaidi ya 200 chini yake na idara maalumu ya kuzikagua. Nyingine ni ndogo kiasi kwamba zina shule moja tu ya kwao wenyewe. Lakini ndogo na kubwa, zote zina haki ileile ya kutoa hati, na wajibu uleule unaofuatana na haki hiyo.

Wajibu wa mwenye kutoa hati

Sheria ya California imeutaja wajibu huo bayana. Kwanza, wilaya imteue mtumishi wake angalau mmoja awe kiungo kati yake na shule. Pili, iitembelee kila shule angalau mara moja kwa mwaka. Tatu, ihakikishe kuwa shule inawasilisha taarifa zote zinazotakiwa na sheria. Nne, ifuatilie hali ya fedha ya shule. Tano, iijulishe idara ya elimu ya jimbo pale hati inapofanywa upya, inapokataliwa, inapofutwa au shule inapofungwa.

Taarifa za fedha nazo zimewekewa siku zake. Makadirio ya mwaka hutolewa kufikia tarehe 1 Julai. Hesabu za awali hufuata tarehe 15 Desemba na 15 Machi, na hesabu za mwaka uliokwisha tarehe 15 Septemba. Juu ya hayo kuna ukaguzi wa kila mwaka unaofanywa na mkaguzi wa nje. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na hapa daftari limewekwa, lililobaki ni mtu wa kulisoma.

Kwa kazi hiyo, wilaya inaruhusiwa kutoza hadi asilimia 1 ya mapato ya shule, na hadi asilimia 3 ikiwa imeipa shule majengo bila ya kodi au kwa kodi ndogo sana. Msomaji aikumbuke asilimia hii, kwani ndimo ulimopita mlango wa balaa.

Mjumbe aliyekula ujira na asiangalie

Mwezi Mei 2019 waendesha mashtaka wa San Diego waliwafungulia kesi watu 11 kuhusiana na mtandao wa shule za mkataba ulioitwa A3. Shule hizo, 19 kwa idadi, zilifundisha kwa njia ya intaneti. Mashtaka yalidai kuwa dola zaidi ya milioni 50 za umma ziliporwa, na mwaka 2021 viongozi wawili wa mtandao huo walikiri makosa.

Hila yao ilikuwa hivi. California huilipa shule kwa kadiri ya mahudhurio ya wanafunzi. Basi mtandao huo ulizilipa timu za michezo za watoto ili upewe majina ya wachezaji wao, na watoto hao wakaandikishwa kana kwamba wanasoma masomo ya kiangazi. Wengi hawakusoma kitu, na serikali ikawa inalipia kila jina. Mtoto alikuwa uwanjani akicheza mpira, na kwenye karatasi alikuwa darasani.

Sasa tujiulize, mambo haya yaliwezekanaje ilhali kila shule ilikuwa na hati, na kila hati ilikuwa na aliyeitoa? Jibu ndilo somo letu la leo. Mtandao huo ulizitafuta wilaya ndogo zenye haja ya fedha. Mmojawapo wa mfano ni wilaya ya Dehesa, mashariki mwa jimbo dogo la San Diego, yenye shule moja ya msingi na wanafunzi wasiofika 200, lakini iliyotoa hati kwa shule za mkataba zenye wanafunzi kwa maelfu, na wengi wao hawakuishi hata karibu na wilaya hiyo. Kila hati ilileta ada ya usimamizi. Wilaya ikawa inapokea fedha za kukagua kutoka kwa yuleyule anayepaswa kukaguliwa, na kadiri shule inavyoandikisha majina zaidi, ndivyo ada inavyozidi. Ni nani, katika hali hiyo, atakayekuwa na hamu ya kuuliza kama majina hayo yana watoto? Msimamizi mkuu wa wilaya hiyo naye alikuwa miongoni mwa walioshitakiwa.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wilaya yenye watumishi wa kuhesabika kwa vidole haikuwa na uwezo wa kuwafuatilia maelfu ya watoto waliotawanyika nje ya mipaka yake, na kwa vile ujira uliingia hata bila ya kufuatilia, haikusukumwa na kitu.

Mwaka huohuo wa 2019 jimbo lilibadilisha sheria. Mwezi Machi bodi za shule za mkataba zililazimishwa kufuata sheria za mikutano ya wazi, za kumbukumbu za umma na za mgongano wa maslahi, sawa na bodi za wilaya. Mwezi Oktoba ruhusa ya kufungua vituo nje ya mipaka ya wilaya iliyotoa hati ilibanwa, na kuanzia 2020 hati mpya za shule zisizo na madarasa zilisitishwa kwa muda, usitishaji ambao baadaye uliongezwa. Hata hivyo jeraha halijafunga. Mwezi Juni 2025 Mkaguzi wa Jimbo la California alitoa ripoti kuhusu shule ya mkataba ya watu wazima huko Sacramento, ambayo wengi wa wanafunzi wake walikuwa wahamiaji waliokwenda kujifunza Kiingereza, na akaeleza kwamba ilipokea dola zaidi ya milioni 180 isizostahiki.

Msimamizi naye asidhulumu

Isifahamike kwamba sisi tunaitaka wilaya iwe nyundo na shule iwe msumari. Kuna upande wa pili, na uadilifu unatutaka tuutaje. Fedha humfuata mtoto. Mwanafunzi akiiacha shule ya wilaya akaenda shule ya mkataba, wilaya hupungukiwa. Kwa hiyo wilaya ni msimamizi na wakati huohuo ni mshindani, na mshindani huweza kuona kosa dogo kuwa kubwa. Katika Suratul-Maida, aya ya 8, waumini tumekatazwa kuiacha chuki yetu kwa watu itutoe kwenye uadilifu. Na hilo ni funzo kwa kila mwenye kukagua.

Sheria imelizingatia jambo hili. Wilaya haiwezi kuifuta hati kwa sababu haikuipenda shule. Sababu zimetajwa: kukiuka masharti ya hati, kushindwa kufuatilia malengo ya wanafunzi, kuvuruga fedha, au kuvunja sheria. Na kwa kawaida kabla ya kufuta, shule hupewa taarifa ya kosa na muda wa kulirekebisha, isipokuwa afya na usalama wa wanafunzi ukiwa hatarini. Shule iliyonyimwa hati nayo ina haki ya kukata rufaa.

Wanazuoni wetu hawakuliona suala la ukaguzi kuwa geni. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliitengea hisba mlango wake katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Na Ibn al-Ukhuwwa, aliyefariki mwaka 1329, aliwataja walimu wa watoto miongoni mwa wanaopaswa kukaguliwa na muhtasib, pamoja na waokaji mikate na wenye mizani. Mkate ukipunjwa, mtu hulala na njaa usiku mmoja. Mtoto akipunjwa elimu, hupunjika umri mzima.

Shule iliyobeba jina la Tariq

Liko pia tukio linalowagusa Waislamu moja kwa moja. Mwaka 2003 ilifunguliwa shule ya mkataba karibu na St. Paul, Minnesota, ikaitwa Tarek ibn Ziyad Academy, kwa jina la jemadari aliyevuka bahari kwenda Andalus mwaka 711. Wengi wa wanafunzi wake walitoka katika familia za wahamiaji, wakiwemo Wasomali. Minnesota huruhusu hata taasisi zisizo wilaya kutoa hati, na mlezi wa shule hii alikuwa shirika la Islamic Relief USA.

Shule ya mkataba ni shule ya umma, na sheria ya Marekani hairuhusu shule ya umma kufundisha au kueneza dini yoyote. Mwaka 2008, baada ya malalamiko, idara ya elimu ya jimbo iliichunguza shule hiyo, ikaitaka irekebishe mambo mawili: namna swala ya Ijumaa ilivyoendeshwa shuleni, na usafiri wa watoto waliobaki kwa masomo ya dini baada ya saa za shule. Mwaka 2009 chama cha kutetea uhuru wa raia, ACLU, tawi la Minnesota, kikaishitaki shule kwa madai ya kueneza dini kwa fedha za umma.

Lakini kilichoifunga shule hakikuwa hukumu ya kesi hiyo. Mwaka 2009 jimbo lilibadilisha sheria ya usimamizi, likataka mashirika yanayolea shule za mkataba yawe na makao ndani ya Minnesota. Islamic Relief USA makao yake yalikuwa nje ya jimbo. Jitihada za kupata mlezi mpya hazikufanikiwa, na kiangazi cha 2011 milango ikafungwa. Mamia ya watoto wakaanza kutafuta shule nyingine, si kwa sababu walifeli, bali kwa sababu shule haikuwa na wa kuisimamia.

Sheria hii haikuwalenga Waislamu peke yao. Katika Oklahoma, shule ya mkataba ya Kikatoliki iitwayo St. Isidore iliidhinishwa mwaka 2023, Mahakama Kuu ya jimbo ikaibatilisha mwaka 2024, na mwezi Mei 2025 majaji wa Mahakama Kuu ya Marekani wakagawanyika wanne kwa wanne, hivyo ubatilisho ukabaki palepale. Mzazi anayetaka mtoto wake asomeshwe Qur'ani na fiqhi basi asiitarajie shule ya mkataba imfanyie kazi hiyo. Ampeleke madrasa jioni na mwisho wa wiki, au shule binafsi ya Kiislamu akiwa na uwezo.

Nasaha kwa wazazi

Mwenye ndugu huko amfikishie haya. Aulize ni nani aliyetoa hati na yuko umbali gani na shule. Aiombe hati yenyewe aisome, kwani ni waraka wa umma. Aulize hati inakwisha mwaka gani, na kama shule imewahi kupewa taarifa ya kosa. Katika California ahudhurie mkutano wa bodi, kwani mlango uko wazi kwa sheria. Na akiona jina la mwanawe limeandikwa mahali asipolipeleka, asinyamaze.

Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Hati ya shule ni amana mara tatu: ya mali ya umma, ya wakati wa mtoto na ya matumaini ya mzazi. Shule itaulizwa ilivyoibeba. Lakini aliyeitoa, akapokea ujira wa kuiangalia kisha akafumba macho, huyo ataulizwa kwanza.

Tunamuomba Allah (SW) awalinde watoto wetu popote walipo, na awape viongozi wao macho ya kuona na ulimi wa kusema kweli. Wallahu a'alam.