Mto Hauna Kitanda: Msamiati wa Njia za Maji

Tunaposahihisha insha za wanafunzi wetu, mara kwa mara tunakutana na maneno "kitanda cha mto". Mwandishi anakusudia mahali maji yanapopita juu yake. Msomaji Mswahili, hata hivyo, ataona kitanda chenye mto wa kulalia, kwa kuwa neno mto lina maana mbili. Kosa hili linatokana na kutafsiri Kiingereza neno kwa neno. Katika toleo hili tunaeleza maneno yanayofaa, na mfano wetu tunauchukua hapa Ntinda.

Mvua inaponyesha Ntinda, maji ya mapaa na barabara huingia kwanza katika mtaro, yaani njia ndogo iliyochimbwa kando ya nyumba au barabara. Mitaro hupeleka maji katika mfereji, ambao ni mkubwa zaidi. Mwanafunzi mwenye Luganda huita vyote viwili omwala. Katika Kiswahili inambidi achague. Tena akumbuke kwamba huko Mombasa mfereji ni bomba la maji pia.

Njia ambayo maji yameichimba yenyewe ina maneno yake. Kijito ni mto mdogo. Korongo ni bonde jembamba lenye kingo za kusimama, lililochimbwa na maji ya kasi. Mfo ni njia inayojaa wakati wa mvua tu. Pande mbili za mto ni kingo (umoja: ukingo), na chini yake ni sakafu ya mto, iwe ya mawe, mchanga au tope. Mkondo ni maji yenyewe yanavyokwenda. Penye kona, mkondo huenda kasi upande wa nje na kumega ukingo; upande wa ndani hupungua nguvu na kuacha mchanga. Ndiyo maana mto hauachi kupindapinda.

Sehemu ya maji ya Ntinda huteremka hadi kinamasi cha Kinawataka, kisha Ziwa Viktoria katika Ghuba ya Murchison. Kinamasi si mto uliokufa. Humo maji hutawanyika na kupunguza kasi kati ya mafunjo, na tope huzama. Watu wanapofukia kinamasi na kujenga, maji hukosa mahali pa kutawanyika, nayo hupanda mpaka milangoni. Tarehe 26 Machi 2025 mafuriko yaliua watu mjini Kampala. Aidha, maji yasiyochujwa hufikia ghuba ileile ambamo mitambo ya Gaba huchota maji ya kunywa ya jiji.

Kwa hiyo msamiati huu si wa mtihani tu. Anayeandika kwamba "mto umevamia nyumba" anaulaumu mto. Anayeandika kwamba "nyumba imejengwa juu ya njia ya maji" anaeleza sababu. Walimu wawazoeze wanafunzi kuiona tofauti hiyo.

Zoezi: Fuata mtaro ulio karibu na kwenu mpaka unapoishia. Eleza njia hiyo kwa aya mbili, ukitumia maneno haya: mtaro, mfereji, ukingo, mkondo, sakafu, kinamasi. Kitanda kibaki chumbani.