Namba Peke Yake Haisemi Yote



Wengi wetu huku vijijini hatujauona mchezo wa kriketi kwa macho. Tunausikia tu redioni: fulani kapata mikimbio 100, fulani kapata 200. Tunajiuliza, je, hiyo ni mingi au kidogo? Na aliyepata 200 ni bora kuliko aliyepata 175? Leo tutalieleza jambo hilo.

MCHEZO WENYEWE

Timu mbili hukutana. Kila timu ina watu 11. Katikati ya uwanja kuna njia nyembamba, urefu wake meta 20 hivi. Kila mwisho wa njia hiyo vimesimikwa vijiti vitatu.

Timu moja hurusha mpira na kuudaka. Timu ya pili hupiga. Mpigaji husimama mbele ya vijiti, ameshika gongo bapa la mti. Mpira ni mgumu, nao huja kwa kasi. Kazi ya mpigaji ni mbili: avilinde vijiti visigongwe, na aupige mpira uende mbali.

Akiisha kuupiga, yeye na mwenzake aliye mwisho wa pili wa njia hukimbia na kubadilishana nafasi. Wakifika salama, timu imepata mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika mpaka nje ya mstari wa uwanja, timu inapata mikimbio 4. Ukivuka mstari huo bila kugusa ardhi, inapata 6.

Lakini mpira ukigonga vijiti, au ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, mpigaji ametolewa. Anaingia mwingine. Ziko njia nyingine za kutolewa, ila hizo mbili zinatosha kwa leo.

Sasa tushike jambo moja. Wapigaji huwa wawili uwanjani wakati wote. Wakitolewa watu 10, yule wa 11 hana tena mwenzake. Basi, zamu ya timu imekwisha. Hata awe fundi namna gani, hawezi kuendelea peke yake. Jambo hili tutalirudia.

Zamani mataifa yalicheza kriketi kwa siku kadhaa. Mwaka 1971, mjini Melbourne, Australia, ulichezwa mchezo wa kwanza wa mataifa wa siku moja. Katika mchezo huu kila timu hupewa idadi maalumu ya mipira. Siku hizi ni mipira 300. Ikiisha, zamu imekwisha, hata kama wapigaji bado wamo.

NAMBA ZILIVYOPANDA

Kombe la Dunia la kwanza la wanaume lilichezwa Uingereza mwaka 1975. Afrika Mashariki nayo ilipeleka timu. Wachezaji walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Tarehe 7 Juni walikutana na New Zealand mjini Birmingham. Siku ile Glenn Turner wa New Zealand alipiga mikimbio 171, wala hakutolewa. New Zealand ilipata 309. Timu yetu ilipata 128. Kumbe rekodi ya dunia ya siku zile iliwekwa mbele ya wenzetu!

Namba ziliendelea kupanda. Mtu wa kwanza kupita 200 alikuwa mwanamke, Belinda Clark wa Australia. Alipata 229 dhidi ya Denmark mwaka 1997. Wanaume walifika 200 mwaka 2010, kwa mkono wa Sachin Tendulkar wa India. Mwaka 2014, mjini Kolkata, Rohit Sharma wa India alipata 264 dhidi ya Sri Lanka. Timu nzima ya Sri Lanka ilipata 251. Mtu mmoja aliwashinda watu 11!

Je, basi Rohit Sharma ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote? Tusiharakishe. Siku ile India ilipata jumla ya 404. Timu yake haikuwa taabani. Hebu tuwatazame watu watatu ambao namba zao ni ndogo kuliko yake, lakini walipiga wakati nyumba inaungua.

KAPIL DEV, 1983

Ilikuwa tarehe 18 Juni 1983, katika mji mdogo wa Tunbridge Wells, Uingereza. Lilikuwa Kombe la Dunia. India ilicheza na Zimbabwe. Nchi hiyo ilikuwa imepata uhuru miaka mitatu tu nyuma, na siku chache kabla ilikuwa imeishinda Australia. Kwa hiyo haikuwa timu ya kudharau. India ilikwisha kushindwa mara mbili katika mashindano yale. Ikishindwa tena, safari yake ingekuwa mashakani.

India ilianza kupiga. Mpigaji wa kwanza akatolewa bila mkimbio hata mmoja. Wa pili vilevile. Timu ilipokuwa na mikimbio 9, walikwisha kutolewa wanne. Hapo akaingia nahodha, Kapil Dev, kijana wa miaka 24. Muda si muda akatolewa mtu wa tano. Timu ilikuwa na mikimbio 17 tu.

Kapil hakuanza kwa pupa. Alilinda vijiti vyake kwanza. Mikimbio akaiokota mmoja mmoja. Wenzake waliendelea kutolewa. Alipotoka mtu wa nane, timu ilikuwa na 140. Akaingia Syed Kirmani, ambaye kazi yake hasa ni kudaka mpira nyuma ya vijiti. Kirmani akashika upande wake, hakutoka. Kapil sasa akafungua mikono. Wawili hawa waliongeza mikimbio 126. Kirmani alipata 24. Kapil alimaliza na 175, hakutolewa. India ilifika 266. Zimbabwe ilipata 235. India ikashinda kwa tofauti ya mikimbio 31.

Wiki moja baadaye, tarehe 25 Juni, India ilitwaa Kombe la Dunia kwa kuishinda West Indies mjini London. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi tuliojifunza kusoma na kuandika ukubwani. Mchezo ule wa Tunbridge Wells haukurekodiwa na televisheni. Hakuna picha zake za kutazama. Tunajua kwamba Kapil alipiga mipira 138, na kwamba mara 6 mpira ulivuka mstari bila kugusa ardhi. Tunajuaje? Kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa pembeni na karatasi, wakiandika kila mpira. Kalamu ilihifadhi kile ambacho macho ya ulimwengu hayakukiona.

VIV RICHARDS, 1984

Rekodi ya Kapil haikumaliza mwaka. Tarehe 31 Mei 1984, mjini Manchester, West Indies ilicheza na Uingereza. West Indies ni timu ya visiwa vingi vilivyoungana. Viv Richards alitoka kisiwa cha Antigua. Wenzake walitolewa mmoja baada ya mwingine. Ilipofika mikimbio 102, watu saba walikwisha kutoka. Ilipofika 166, walikwisha kutoka tisa. Alibaki mtu wa mwisho tu, Michael Holding wa Jamaika. Huyu sifa yake ilikuwa kurusha mpira kwa kasi, si kupiga.

Akitoka yeyote kati yao, kazi imekwisha. Lakini Holding alisimama imara akapata 12. Richards alipata 189, hakutolewa. Pamoja waliongeza 106, na timu ikafika 272. Uingereza nzima ilipata 168. Rekodi hii ya Richards ilidumu miaka 13.

GLENN MAXWELL, 2023

Tarehe 7 Novemba 2023, mjini Mumbai, India, Australia ilicheza na Afghanistan katika Kombe la Dunia. Afghanistan ilipata 291. Australia ikahitaji 292. Ilipofika 91, watu saba walikwisha kutolewa. Waliosikiliza na kutazama waliona mambo yamekwisha.

Glenn Maxwell alikuwa bado uwanjani. Alipokuwa na 33 mpira wake ulikwenda mikononi mwa mdakaji, ukamponyoka. Maxwell akaitumia bahati hiyo. Baadaye misuli ya miguu ilimkaza hata akaanguka chini. Kukimbia kukawa taabu. Basi akasimama pale pale na kupiga kwa nguvu za mikono, mpira utoke nje ili asilazimike kukimbia.

Upande wa pili alikuwa nahodha wake, Pat Cummins. Huyu alipokea mipira 68 akapata mikimbio 12 tu. Ukiitazama namba hiyo utasema alicheza vibaya. La! Kazi yake ilikuwa kutotoka, na hakutoka. Wawili waliongeza 202. Maxwell alipiga mpira wa mwisho ukavuka mstari, akafika 201, na Australia ikashinda.

TUNAJIFUNZA NINI?

Namba ni kitu kizuri. Lakini tukisoma namba, tuulize pia: ilipatikana wakati gani? Timu ilikuwa na hali gani? Na nani alikuwa upande wa pili? Bila Kirmani, 175 isingekuwapo. Bila Holding, 189 isingekuwapo. Bila Cummins na 12 zake, 201 isingekuwapo. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa maoni yetu, kazi ya Kapil Dev ndiyo kubwa kuliko zote. Aliianza timu ikiwa na mikimbio 9, na mwisho wa safari ile lilikuwako kombe. Ninyi mwaweza kuona vingine. Jadilianeni.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini zamu ya timu huisha wakitolewa watu 10, na si 11?

2. India ilipata 266. Kapil peke yake alipata 175. Iliyobaki ni mingapi?

3. Taja mtu katika kijiji chenu ambaye kazi yake haionekani, lakini bila yeye kazi ya wengine ingekwama.