Soma Arkansas, urudi nyumbani ukafanye biashara

MWAKA 1985, vita vikiwa vimepamba moto El Salvador na Nicaragua, tajiri mmoja wa mji wa Bentonville katika jimbo la Arkansas, Marekani, alianza kuwasomesha vijana wa Amerika ya Kati. Alikuwa Sam Walton, mwasisi wa maduka ya Walmart. Yeye na mkewe, Helen, waliona Umoja wa Kisovieti na Cuba wakiwachukua vijana wa nchi hizo kuwasomesha bure, nao wakataka kuwe na mahali pengine ambako kijana angejifunza namna soko huria linavyofanya kazi.

Hawakuwapeleka kwenye vyuo vyenye majina makubwa. Walichagua vitatu vya Kikristo vya hapo hapo Arkansas: Harding, John Brown na Ozarks. Kwa mujibu wa kitabu cha maisha ya Walton kilichotoka mwaka 1992, wanafunzi waliokuwa wakifadhiliwa kwa wakati mmoja walifikia 180, na kila mmoja aligharimu dola 13,000 kwa mwaka. Fedha hizo zilikuwa za ada, nauli, vitabu, malazi na chakula.

Sharti lilikuwa moja kubwa: ukimaliza, unarudi kwenu. Mzazi yeyote aliyewahi kuuza ng'ombe ili mtoto akasome ng'ambo, kisha akabaki kusubiri simu, anaelewa kwa nini sharti hilo liliwekwa mapema.

Kuchaguliwa kwa Harding hakukuwa kwa bahati. Chuo hicho cha Makanisa ya Kristo, kilichoanzishwa mwaka 1924 na sasa kipo katika mji mdogo wa Searcy, kilikuwa kikihubiri biashara huria muda mrefu kabla ya Walton kuwa tajiri. Mwaka 1936 kilimpata mkuu mpya, George Benson, mmisionari aliyekuwa amefanya kazi China kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuta chuo kina madeni. Alizunguka kwa wenye viwanda akiomba michango, na mwaka 1939 deni likalipwa.

Mwaka 1941 Benson alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuitaka serikali ipunguze matumizi yake. Magazeti yalimpenda, na wenye fedha pia. Mfuko wa Alfred Sloan, aliyekuwa kigogo wa kampuni ya magari ya General Motors, uligharamia filamu za katuni za kufundisha uchumi. Moja ya mwaka 1948 inamwonyesha mchuuzi wa dawa ya chupa anayeahidi kutibu kila shida. Malipo yake ni saini tu, ya kukabidhi uhuru wako na wa watoto wako. Mfanyakazi, mkulima, mwanasiasa na tajiri wote wanajaribiwa.

Kwa hiyo chuo kilichofundisha watu kusimama kwa miguu yao kilisimama kwa michango. Wenyewe hawakuona utata wowote: aliyetoa alitoa kwa hiari, si kwa kodi.

Darasani hakukuwa na mahubiri peke yake. Wanafunzi wa Harding waling'ara mapema katika mashindano ya SIFE, mtandao wa vyuo ulioanzishwa mwaka 1975 ambamo vijana hubuni miradi kisha kuieleza mbele ya majaji wanaotoka kwenye makampuni. Tangu mwaka 2012 unaitwa Enactus, na Kenya nayo ina timu zake.

Walton hakuficha kwamba alikuwa na jicho la biashara pia. Aliandika kuwa huenda siku moja kampuni yake ingefungua maduka katika nchi za vijana hao. Alifariki mwaka 1992. Mwaka 2005 Walmart ilinunua theluthi moja ya kampuni kubwa ya supamaketi ya Amerika ya Kati, na mwaka uliofuata ikachukua hisa nyingi zaidi. (Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwa wakinunua Game pale Mlimani City wanaijua njia hiyo: mwaka 2011 Walmart ilinunua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini, wenye duka hilo.)

Hapo ndipo somo la Arkansas lilipofika shambani. Mboga za supamaketi hizo zilikusanywa na kampuni tanzu iitwayo Hortifruti, iliyowapa wakulima ratiba ya kupanda na ushauri wa kitaalamu. Hope Michelson na wenzake waliwachunguza wakulima wa Nicaragua, na mwaka 2012 walichapisha matokeo. Bei ya wastani iliyolipwa na Walmart ilikuwa chini ya ile ya soko la kawaida, ila haikupanda na kushuka ovyo. Watafiti waliifananisha na bima, wakasema huenda mkulima anailipia ghali mno.

Hata hivyo, kazi nyingine ya Michelson ya mwaka 2013 ilionyesha kuwa mali za kaya zilizouzia supamaketi ziliongezeka. Lakini waliopata nafasi hiyo walikuwa wenye mashamba mahali pazuri na wenye maji ya kumwagilia mwaka mzima. Baadhi yao walisaidiwa na mashirika yasiyo ya kiserikali kupata mtaji na mafunzo. Aliyelima kwa kutegemea mvua alibaki kuuza kwa wanunuzi wake wa siku zote.