Ukiwapeleka watoto Kijiji cha Makumbusho, waeleze sababu

Wadau, wengi tunapita Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, Dar, tukiwa kwenye daladala, ila ndani hatuingii. Kipo tangu 1966. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, unaingia hadi ndani, na ngoma zinachezwa.

Nilienda na dada na wanawe, miaka 5 na 7. Kufika kwenye tembe ya Wagogo, mkubwa akasema, "Mjomba, hawa walikuwa maskini." Na sisi ni Wagogo! Babu yake mzaa mama alizaliwa kwenye tembe. Ukinyamaza hapo, ndivyo mtoto atakavyowakumbuka wazee wake.

Kwa hiyo mweleze. Tembe ina paa bapa la udongo kwa sababu Dodoma mvua ni chache na jua kali, na udongo mzito unazuia joto. Paa hilo ukilipeleka Bukoba kwenye mvua nyingi litavuja. Ndio maana msonge wa Wahaya umeezekwa nyasi toka kileleni mpaka chini, maji yateremke. Mifugo nayo ililala humo humo, salama na wezi na chui. Huo ni ufundi jamani, sio umaskini.

Kwa watoto wadogo nyumba tatu nne zinatosha, halafu ngoma. Nendeni asubuhi, mbebe maji.

Mdau, kwenu walijengaje? Waulize wazee wangali wapo, kisha tumwagie hapo chini. Nawasilisha.