Niliyoyaokota mtandaoni nikiwa Babati

Kwenye kompyuta yangu kuna folda niliyoipa jina "Vya kuokota". Kila kizuri ninachokutana nacho mtandaoni nakitupia humo: picha, michoro, aina za herufi, mihadhara, ramani, hata sauti za wazee. Kazi yangu ni kubuni tovuti hapa Babati mjini. Wateja wangu ni wenye nyumba za wageni wanaopokea watalii wa Tarangire, shule binafsi, vyama vya wakulima wa mbaazi, kwaya, na mara mojamoja muuza vipuri wa pale njia panda. Wengi huja na ombi moja tu: tovuti iwe nzuri. Uzuri huo lazima utoke mahali, na mimi hutafuta kwanza humo foldani.

Kwa asiyeijua kazi hii, kuna mfano mmoja naupenda kuliko maelezo yangu yote. Mwaka 2003 mbunifu wa Kanada, Dave Shea, alianzisha tovuti iitwayo CSS Zen Garden. Aliweka ukurasa mmoja wa maneno, kisha akawaalika wabunifu wa dunia nzima waubadilishe sura bila kugusa hata neno. Kuna waliotoa bustani, kuna waliotoa bango la sinema, kuna waliotoa chini ya bahari. Maneno ni yaleyale. Ukipitia kurasa tatu tu za pale utaelewa mbunifu analipwa kwa ajili gani.

Tatizo la mji wetu, na nalisema kwa uchungu, ni kwamba vijana wengi tunachukua kiolezo kilichotengenezwa ng'ambo na kukibandika kama kilivyo. Nyumba ya wageni iliyo chini ya Mlima Kwaraa inapambwa kwa picha ya ghorofa za vioo na watu wanaocheka mbele ya kompyuta. Ukiondoa jina la mji, hujui kama uko Babati au Boston. Nilipochoka na hali hiyo nikaanza kutafuta mtandaoni vitu vya kwetu, na ndipo folda ilipoanza kunona.

Nianze na kanga, maana hapo ndipo nimejifunza zaidi. British Museum ya London imeweka mtandaoni picha na maelezo ya mamia kwa maelfu ya vitu vyake, kanga za Afrika Mashariki zikiwamo. Ipo hata ile ya mwaka 2008 ya kumpongeza Barack Obama. Nyingi zimeandikiwa jina na tafsiri yake. Nilikaa nazo jioni baada ya jioni, nikizikuza kwenye kioo mpaka naona nyuzi, na nikatambua kuwa kanga imeshajibu swali ambalo mbunifu wa tovuti analihangaikia kila siku: mtu atazame wapi kwanza?

Itazame kanga yako vizuri. Kuna pindo, linalozunguka pande zote nne na kukusanya jicho lisitoke nje. Kuna mji, uwanja wa katikati wenye ua, mnyama, korosho au picha ya kiongozi. Kisha kuna jina, sentensi moja katika kisanduku chake, kwa herufi nene zinazosomeka na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Sentensi moja, si tano. Mtengenezaji wa kanga hajazi mji kwa maelezo, wala hafichi jina kwenye kona. Na kanga si ya jana: Mombasa kuna nyumba ya biashara ya kanga ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887 na kujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Majina ya kanga yalianza kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakahamia herufi za Kirumi, lakini mpangilio haukubadilika. Mpangilio uliodumu kiasi hicho, ukivaliwa sokoni, msibani na harusini, umejaribiwa na watu wengi kuliko tovuti yoyote niliyowahi kutengeneza.

Basi mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aliponitaka nimwekee picha kumi zinazopishana zenyewe kwenye ukurasa wa mbele, nilimwonyesha karatasi niliyochora kwa kufuata kanga: pindo pembeni, picha moja ya ziwa katikati, na chini yake sentensi moja yenye bei ya chumba na namba ya simu. Alikubali baada ya kuifungua kwenye simu yake ndogo na kusoma bei bila kutafuta miwani.

Hapa lazima niseme jambo la haki. Picha za British Museum zimetolewa kwa leseni inayokuruhusu kuzitumia ukitaja chanzo, mradi si kwa biashara. Nyumba ya wageni ni biashara. Kwa hiyo sikunakili ua la mtu. Nilikaa na penseli nikachora langu, maua ya mbaazi. Kuokota mtandaoni si kuiba. Kitu kikiwa hadharani haimaanishi hakina mwenyewe, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji wa Babati sawasawa na wa Dar es Salaam.

Kitu kingine cha folda ni mhadhara wa Ron Eglash, mtafiti wa Marekani, kuhusu maumbo yaitwayo fraktali, yaani umbo ambalo sehemu zake ndogo zinafanana na umbo zima. Anaonyesha kijiji cha Wa-ila wa Zambia: boma la familia ni duara, na kijiji chote ni duara kubwa lililofanyizwa kwa maduara hayo. Wazo hilo linanisaidia sana, kwa sababu ukurasa wangu lazima upendeze kwenye simu ya kiganjani na kwenye kioo kikubwa cha ofisi bila kupoteza sura yake. Nilifurahi zaidi kujua kwamba mhadhara ule ulitolewa Arusha, Juni 2007, kwenye mkutano wa mihadhara wa TED. Katika mkutano huohuo alisimama William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyejenga kinu cha upepo nyumbani kwao. Arusha ni safari ya asubuhi kwa basi kutoka hapa, nami mhadhara ule nimeufahamu kupitia bando.

Michoro ya Kolo nayo nimeiona kwanza kwenye kioo. Ukishika barabara ya Dodoma kutoka Babati, kabla hujafika Kondoa mjini, unaipita Kolo, na katika miamba ya eneo lile kuna michoro mingi sana, mingine ya rangi nyekundu: twiga, pofu, watu warefu wembamba wenye vichwa vya nywele nyingi. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili kwa mkono miaka ya 1950 na kuichapisha katika kitabu mwaka 1983, na picha zilizopigwa na David Coulson na taasisi yake ya Nairobi zinatazamika mtandaoni bure. Nimetazama namna wale wachoraji walivyotumia rangi moja tu na mstari usiositasita, kisha nikazipunguza rangi za tovuti zangu. Picha ni nzuri, lakini nakushauri uende. Mwongozaji atakupandisha hadi Mongomi wa Kolo, mahali ambapo wenyeji bado wanafanya matambiko, na utajua kwamba si mapambo yale.

Kilichonigusa kuliko vyote hakikuwa picha. Ni sauti. Mtaalamu wa isimu Andrew Harvey amerekodi Kigorowa, lugha ya wenyeji wa hapahapa Babati, na rekodi zake zimehifadhiwa katika kumbukumbu ya kimataifa ya lugha zilizo hatarini, iliyokuwa katika chuo cha SOAS, London, na sasa iko Berlin. Unajisajili, unafungua, unasikia watu wa vijiji unavyovijua wakizungumza, pamoja na maandishi ya walichosema. Fikiria mtoto wa Kigorowa anayesoma sekondari hapa mjini na kuzungumza Kiswahili siku nzima: sauti za wazee wa kwao zinamngoja kwenye kompyuta ya Ujerumani, naye hajaambiwa. Mimi nawaambia wote ninaokutana nao. Nimeweka kiungo cha kumbukumbu hiyo kwenye tovuti ya shule moja niliyoitengeneza, palepale juu, si chini kwenye maandishi madogo.

Nina kingine kimoja, cha kiufundi. Tovuti ya kwanza kabisa duniani, iliyotengenezwa na Tim Berners-Lee kwenye kituo cha utafiti cha CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990, imerudishwa mtandaoni na bado inafunguka. Ni maandishi na viungo, basi. Ifungue nje ya mji, Dareda au Magugu, hata mtandao ukiwa dhaifu, itakuja mara moja. Kurasa za siku hizi kwa kawaida huzidi megabaiti 2, na kila megabaiti analipa msomaji kutoka kwenye bando lake. Mkulima anayetaka kujua bei ya mbaazi kabla dalali hajafika shambani hastahili kuzungushiwa kiduara kwa sababu mimi nilitaka video ichezechezee nyuma ya maandishi. Naliona hilo kuwa suala la heshima kwa msomaji, na kwa tovuti za wakulima sikubali kulilegeza hata mteja akisisitiza.

Baada ya kuokota kote huku, nimeona pia pengo. Tafuta mtandaoni maandishi ya mikono yanayopamba kuta za maduka, mikahawa na magari ya Babati: utapata machache mno. Wachoraji wetu wa mabango wana herufi zao wenyewe, zenye vivuli na mikia ambayo hakuna kompyuta inayoitoa, na kila bango la plastiki linapotundikwa, ukuta mmoja unapakwa chokaa. Hazina ya Wikimedia Commons inapokea picha kutoka kwa mtu yeyote, bila malipo. Kama una simu yenye kamera, anza na bango lililo jirani na duka lako. Mtafute aliyelichora, umwombe ruhusa ya kulipiga picha na kuliweka wazi kwa wote, kisha uandike jina lake, mtaa na mwaka.